Hoteli Iliyotukatalia

Mimba ya mkaza mwana wangu ilipofika mwezi wa nne, Njeri alikataa chakula, na si kwa madeko. Ugali aliurudisha. Mchicha aliurudisha. Uji wa mtama, ambao hata mgonjwa wa homa huumeza, alikaa nao mdomoni akinitazama kama mtu anayeomba ruhusa, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa barazani nasikia yote. Nyumba zetu za Mtopanga hazina siri. Ukikohoa kwako, jirani anakupa pole kwake.

Mwanangu Mwarandu yuko Lamu, kazi ya mkataba. Hupiga simu jioni na neno lake ni lile lile, "Baba, niangalizie Njeri." Kusema ni rahisi. Angekuwapo marehemu mke wangu, Mweri, mambo haya yasingenifikia. Haya ni mambo ya wanawake, na baba mkwe hana mlango wa kuyaingilia.

Lakini Mweri hayupo. Alikwenda zahanati miguu imemvimba na kichwa kinamgonga, na kijana aliyekuwa zamu hakumtazama mara mbili. Mashine ya kupimia presha ilikuwa imeharibika, na wakubwa waliopaswa kuitengeneza walikuwa semina. "Uko sawa, mama," akaambiwa, "nenda ukapumzike." Akarudi amefurahi. Akanipikia samaki wa nazi. Wiki haikuisha tukamzika. Nalisema kila siku na watu wamechoka kulisikia: Mweri hakuuawa na presha, aliuawa na ile "uko sawa". Wenye madaraka wetu ndivyo walivyo. Kabla ya kura kila kitu ni ndiyo. Maji, ndiyo. Dawa, ndiyo. Kura zikishahesabiwa, hata ukiwasalimia hawaitikii.

Sasa nilimtazama Njeri, mifupa ya shingo imetokeza, mkono umekuwa kama mwiko, nikaona nyumba yangu inajiandaa kwa msiba mwingine.

Asubuhi moja nilimwita. Njeri ni mtoto wa bara, ukimwita huitika "eeh" badala ya "abee", lakini adabu anayo. Akaja akasimama mlangoni, hakukaa.

"Mwanangu," nikamwambia, "hakuna kitu hata kimoja ambacho roho yako inakitaka?"

Akaangalia chini. "Kiko kimoja, baba. Lakini utanicheka."

"Sema."

"Sushi."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena, bado sikuelewa. Ndipo akanieleza. Kabla ya kuolewa alifanya usafi kwenye kambi ya wahandisi wa Kijapani upande wa Likoni, na mpishi wao alikuwa akimwekea kinachobaki. Ni wali wa baridi wenye siki, akasema, umeviringwa kwa mwani, ndani mna samaki.

"Mwani? Huu unaotunasa miguuni pwani?"

"Sio huo kabisa, baba. Lakini ndugu yake."

"Na samaki kapikwa vipi?"

"Hapikwi."

Sikucheka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kalama kinyozi, kwa sababu Kalama hunyoa watu wa kila namna na husikia kila kitu. Nilimkuta katikati ya kichwa cha mtu.

"Kalama, sushi hupatikana wapi?"

Akazima mashine. "Susi? Susi wa mbaazi na mahamri? Si alihamia Changamwe kwa dadake."

"Si mtu. Ni chakula."

"Chakula gani chenye jina la mtu?"

Mteja, aliyekuwa amefunikwa kitambaa mpaka kidevuni, akasema bila kugeuka, "Ni samaki mbichi hiyo, mzee. Ya Wajapani."

"Mbichi kwa nini?" Kalama akauliza. "Kwao kuni zimekwisha?" Kisha akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe, Kaviha, umepata mchumba Nyali, hutuambii?"

"Ni ya mkaza mwana. Mimba imemshika vibaya."

Kicheko kikakatika hapo hapo. Hapana mtu kwetu anayecheza na hamu ya mja mzito. Akinyimwa, husema wazee, mtoto huzaliwa akidondosha mate.

"Basi mpe," Kalama akasema, sasa kwa upole. "Mimba ikitaka udongo hupewa udongo. Lakini hoteli uichague, bwana. Samaki mbichi si kitu cha kubahatisha."

"Huchaguliwa vipi?"

"Tazama penye watu wengi," Kalama akasema.

"Tazama nyota," akasema mteja.

"Nyota za mchana?"

"Za kwenye simu, mzee. Watu wakila hutoa nyota. Nyingi maana yake pazuri."

Nikarudi nikamwambia Njeri atazame nyota. Akakuta hoteli mbili ambazo tungefika bila taabu. Ya kwanza ilikuwa Nyali, ndani ya lile jumba la maduka, nyota zimejaa. Ya pili ilikuwa ndogo, huku Mkomani, nyota zake zimepunguka, na mtu ameandika kwamba mpishi ana maneno. Hapo hapakuwa na la kufikiri. Tukapanda tuktuk hadi kwenye nyota nyingi.

Mlango ulikuwa wa kioo na ubaridi wa ndani ulinipiga kifuani. Tukapokewa na kijana mwenye tai, amekunja mikono kama anaingia kanisani. "Karibuni sana, mzee. Karibu, mama."

Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitauliza kabla mtu wangu hajaguswa. "Samaki wenu ni wa leo?"

"Ndiyo, mzee. Wa leo kabisa."

"Nimesikia samaki wa kuliwa mbichi lazima alazwe kwanza kwenye barafu, siku nyingi." Hilo Njeri alikuwa amenisomea ndani ya tuktuk.

"Ndiyo, mzee. Tunamlaza siku nyingi."

"Huyu huyu wa leo?"

"Ndiyo, mzee."

Nikamtazama. Hakuwa na wasiwasi wowote. Nikajaribu tena. "Huyu mama ana hali yake, unaona mwenyewe. Chakula hiki hakitamdhuru?"

"Hapana shida, mzee. Wote wanakula."

"Na kikimdhuru?"

"Hapana shida."

Nimeishi chini ya watu wa namna hii umri wangu wote. Huwapigia kampeni wakubwa na wenyewe hugeuka wakubwa. Nikamwambia Njeri, "Tutoke." Akanitazama kama nimempokonya sahani mkononi, na hata sahani hajaiona. Nje akaegemea nguzo, macho kayafumba, midomo mikavu.

"Baba, mimi sijui kama nitafika hiyo ingine."

"Utafika. Ni hapo tu."

Hapakuwa hapo tu. Lakini tukafika.

Hoteli ya Mkomani ilikuwa chumba kimoja, meza chache, na kaunta ambayo mpishi husimama nyuma yake, unamwona mikono. Mpishi alikuwa mwanamke, mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani. Wanaume wawili wenye kompyuta walikuwa wakila kwa vijiti. Msichana wa kuhudumia akatuuliza, "Wawili?"

"Wawili," nikasema, kisha nikamwonyesha Njeri meza ya dirishani, na mimi nikakaa meza ya ukutani, nimempa mgongo. Kwetu baba mkwe hali pamoja na mkaza mwana. Hata nyumbani sahani yangu huja barazani.

Msichana akabaki katikati na karatasi zake mbili za vyakula. "Mmegombana?"

"Tunaheshimiana," nikamwambia.

Njeri akaagiza. Nilimsikia akitaja majina nisiyoyajua, sauti imechangamka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Halafu nikasikia mpishi anauliza kutoka kaunta, kwa sauti ambayo hata walio barabarani waliisikia, "Dada, uko na mimba?"

Nikautazama ukuta. Ulikuwa na picha ya mlima wenye theluji. Mambo kama hayo huulizwa mbele ya baba mkwe?

"Eeh," Njeri akajibu, chini kwa chini.

"Basi hizi sitakupea. Hapana."

Nyuma yangu nikasikia Njeri anavuta pumzi kama mtu anayezuia kilio, na mimi nikawa nimesimama. Maneno yalikuwa yamekaa kifuani miaka mingi na yote yakamwangukia mpishi huyu. Nikamwambia tumetoka Mtopanga. Nikamwambia huyu mtoto hajaweka kitu tumboni kikakaa, na hiki ndicho pekee alichokitaja. Nikamwambia sisi tunazijua hapana zao, tumezisikia kwa chifu, tumezisikia kwa diwani, tumezisikia kila penye meza na mtu nyuma ya meza.

"Kama ni hizi kandambili zangu, sema."

"Mzee, kandambili sijaziona," akasema. "Kaunta imeziba."

"Mbona hawa unawapa?" Nikawaonyesha wale wa kompyuta.

"Hawa hawana mimba."

Mmoja wao akatua vijiti polepole. Msichana wa kuhudumia akageuka ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi pia kicheko kilinijia, nikakimeza.

Mpishi akafuta mikono akazunguka kaunta. Jina lake, tulikuja kuambiwa, ni Jerioth, mtu wa Meru. Hakuja kwangu, alikwenda kwa Njeri, akamshika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole vyake mpaka vikakutana.

"Angalia hii, mzee. Imekwisha." Ilinibidi nigeuke nitazame. "Samaki mbichi inaweza kuwa na kitu kidogo, hukioni, hukinusi. Mimi na wewe tutaumwa tumbo tulale, tuamke. Huyu hana nguvu ya kuumwa. Na yule wa ndani hana kabisa. Mwenye hoteli hunigombeza, anasema nafukuza wateja, kwamba mtu akitaka nimpe, shauri yake. Wacha anigombeze. Mimi sitaki nilale nikijiuliza yule dada wa dirishani aliamka ama hakuamka."

Hapana nilizozizoea ni za watu wasiopoteza kitu wakikukatalia. Huyu alikuwa anagombezwa kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua hata jina. Nikamwona Mweri anarudi kutoka zahanati, kitenge chake kichafu chini kwa vumbi, anatabasamu kwa sababu ameambiwa yuko sawa. Angekuwapo mmoja tu pale wa kumshika mkono namna hii. Wa kumwambia, hapana mama, huendi nyumbani leo. Angenuna, Mweri, ninavyomjua. Angewatukana wote kwa Kigiriama. Angekuwa hai.

"Sasa utampa nini?" nikauliza.

"Kuna za kuiva. Kamba ya kuchemsha. Yai. Tango, avokado. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wa kuchoma, huyo nampitisha motoni tena mbele yako, usimame uangalie."

"Mwani uko?" Njeri akauliza.

"Mwani uko."

"Na siki?"

"Siki nitakuongezea. Nilikuwa na mimba mbili mimi, najua siki ni nini."

Nikasimama nikaangalia kama nilivyoambiwa. Alinawa mikono na sabuni mpaka kwenye viwiko. Alichukua kisu kingine kutoka kwenye ndoo nyingine, ubao mwingine, akakaa mbali na ule wa samaki mbichi. Mkunga aliingia motoni mpaka mafuta yakalia. Aliutandaza wali juu ya mwani, akauviringa, akaukata. Vipande havikuwa vikubwa kuliko kizibo cha chupa, nikasikitika moyoni, nikaona hiki si chakula, ni mchezo wa watoto. Lakini nilirudi ukutani kwangu.

Sahani ikapelekwa dirishani. Mimi niko na mgongo wangu, natazama mlima, nasikiliza. Vijiti vikaanguka. Akaacha vijiti. Nikasikia kimya cha mtu anayetafuna, kisha nikangojea kiti kivutwe kwa nguvu, maana ndivyo ilivyokuwa nyumbani siku zote, kiti halafu mbio halafu nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekwisha kuangalia choo kiko upande gani nimwelekeze.

Kiti hakikuvutwa. Wale wa kompyuta walilipa wakaondoka, mmoja akanipungia mkono. Msichana akapita na chai ya rangi ya majani, akaniwekea, nikainywa, chungu.

"Baba," Njeri akaita.

"Naam."

"Nikiongeza sahani itakuwa vibaya?"

Niliuambia ukuta, "Ongeza." Nilifuta macho kwa kiganja haraka, nikijua mtu wa kaunta huona kila kitu, naye aliinama akajifanya anatafuta kisu.

"Na wewe, mzee?" Jerioth akauliza baadaye. "Hujala kitu."

"Mimi nitakula kwangu. Samaki aliyevishwa nguo simuwezi."

Njeri akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo, ni cha puani, kama cha mtoto aliyekatazwa.

Alipomaliza alinitangulia nje, anatembea mwenyewe, hakuegemea kitu. Mimi nikabaki kidogo kwenye kaunta.

"Mama, hapa uko siku zote?"

"Siku zote, isipokuwa Jumatatu."

"Jumatatu yuko nani?"

Akatazama mlangoni kwanza kuona kama mwenye hoteli hayupo karibu. "Kijana mwingine. Mzuri, mikono yake ni safi. Lakini huyo ukimwomba kitu, anakupa tu."

"Basi Jumatatu hatuji," nikamwambia.

"Jumatatu msije," akasema, akarudi kwenye wali wake.