Nusu Saa Kila Asubuhi

Daktari hakumwambia Azza mengi. Sukari imepanda, atembee nusu saa kila asubuhi, na kila jioni ajikague nyayo. Azza aliitikia kwa kichwa. Mama yake, kwa sukari hiyo hiyo, alikatwa kidole cha mguu mwezi wa Rajabu, akakatwa mguu chini ya goti mwezi wa Mfungo Mosi, na kabla mwaka haujaisha walimzika.

Azza alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mumewe, Turki, alikuwa amempa talaka baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa, kwa karatasi aliyoletewa na dereva. Azza alirudi mtaa wa Mabawa, kwenye nyumba ya marehemu wazazi wake, akaishi na binti yake Ghadir, mwalimu wa shule ya msingi. Siku nyingi alishinda kitandani akiitazama feni.

Wiki ya kwanza alitembea, kwa sababu jirani yake Bibiana, Mama Noa, alikuwa akija kumgongea.

"Hodi! Mama Ghadir, jua linatoka hilo!"

Wakaenda pamoja mpaka Usagara na kurudi, Bibiana akiongea njia nzima. Wiki ya pili Azza alisema kichwa kinamuuma. Wiki ya tatu akawa anamsikia Bibiana mlangoni na kujifunika shuka mpaka usoni. Mwishowe Bibiana akaacha kugonga.

"Mama, leo umetembea?" Ghadir aliuliza kila akirudi kazini.

"Nimetembea, mwanangu."

Ili aaminike, alizitoa raba zake uani na kuzisugua kwenye vumbi.

Miezi iliyofuata miguu ilimwaka moto kama iliyopakwa pilipili. Kisha moto ukapoa. Nyayo zikanyamaza kabisa, na Azza akashukuru, akidhani anapona. Kujikagua alikuwa ameacha zamani.

Siku moja Ghadir alirudi mapema, akamkuta mama yake amechuchumaa uani, raba mkononi, anazipaka vumbi. Walitazamana. Ghadir aliweka mkoba chini.

"Bibi nilimwogesha mimi," alisema. "Nikambeba mimi. Mama, sitaki kukubeba na wewe."

Azza alizikung'uta raba, akaziweka mlangoni.

Asubuhi iliyofuata, baada ya swala, alivaa raba na kutoka peke yake, maana aliona haya kumwita Bibiana. Alipita penye nyumba inayojengwa, mbao zimetapakaa njiani, akaendelea. Alifika Usagara. Akajihisi mwepesi, pumzi inatoka vizuri, jasho linamtiririka mgongoni. Hata aliwaamkia watu asiowajua. Kwa mara ya kwanza tangu talaka, njaa ilimuuma kweli.

Alirudi, akavua raba na soksi mlangoni, akaenda kuketi mezani. Ghadir alikuwa akimimina chai. Mkono wake ukasimama.

"Mama, umekanyaga nini?"

"Wapi?"

Azza aligeuka. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake, juu ya vigae vyeupe, alama za mguu mmoja zilikuwa zimepangana, nyekundu, zinang'aa.

Ghadir alikimbilia raba. Msumari ulikuwa umepenya soli na kuchomoza ndani, umesimama wima.

"Haikuumi?"

Azza aliinua mguu, akakibonyeza kidonda chini ya kidole cha mwisho. Dole gumba la mkono lilihisi unyevu na uvuguvugu. Unyayo haukuhisi kitu.

"Hapana," alisema, na sauti yake ikamtisha mwenyewe. "Ghadir, hainiumi hata kidogo."

Hospitali walimsafisha, wakamfunga, wakamkataza kuukanyagia mguu ule. Kidonda hakikufunga. Wiki ya tano kidole cha mwisho kiligeuka cheusi, na daktari akakiondoa.

"Ni kimoja tu," daktari alisema.

Azza aliinamisha uso. Mama yake naye aliambiwa hivyo hivyo.

Bibiana alipopata habari, alikuja na chupa mbili za maji alizozijaza mchanga. Hakutaja ile miezi yote ya mlango kufungwa.

"Miguu umekatazwa," alisema. "Mikono hujakatazwa. Inua."

"Mama Noa, nimechoka. Niache."

"Choka huku unainua."

Azza aliinua mara nne, akalia, akainua tena. Siku nyingine alikataa kabisa na Bibiana akakaa tu naye. Siku nyingine alifika ishirini. Sukari ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka tena.

Kila siku saa kumi na moja jioni Ghadir alileta beseni na dawa, akapiga magoti mbele ya kiti. Bibiana aliziweka chupa chini. Ghadir akaanza kufungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko, na wote watatu wakasubiri kuona ngozi ina rangi gani.