Kilio Kilichosikika Kuze

Kilio kile nilikiiba. Nasema hivi mapema, maana baadaye wenye maonyesho walinisifu mpaka nikaona haya.

Ilikuwa mwaka 1996. Katika nyumba moja kuukuu ya Kuze, mtaa wa mji wa kale, tulisimamisha kwa ajili ya maonyesho vigango vipya, zile nguzo za kuchonga ambazo sisi Wagiriama huwasimamishia wazee wetu wakubwa waliotangulia. Kazi yangu ilikuwa kukijaza chumba sauti, mgeni aingie ajione yuko msituni: majani, ndege, ngoma kwa mbali, kisha mwanamke analia. Nilimwomba Shangazi Dama anililie kwenye kaseti. Akakataa katakata.

"Kulia bila maiti ni kuita msiba, Kenneth."

Basi nikatumia kanda niliyomrekodi kwa siri siku alipomzika binti yake, Rispah. Ufundi ukinipanda kichwani sina adabu.

Siku ya ufunguzi, saa kumi alasiri, shangazi huyo mlangoni, amejifunga leso mpya, amekuja kuona kazi ya mtoto wa nduguye. Sikumwalika. Kanda ilikuwa imeshafika kwenye ngoma, na mashine iko pembe ya pili ya chumba, wageni wamejaa tele. Nikawapiga vikumbo niifikie. Huyu ndiye aliyenilea, na nilijua akiisikia sauti yake sitakuwa tena mwanawe.

Nilichelewa. Spika nne zikalia kwa pamoja. Shangazi akasimama tuli, akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Mara "Hodi! Hodi!" Wanawake wa mtaani, sita au saba, mabuibui yamevaliwa mbiombio, mmoja ana unga mikononi. Mbele yao Bi Mwanaesha wa nyumba ya pili.

"Tumesikia kilio," akasema. "Ni nani alofariki? Mbona hatukwambiwa?"

Nikafungua kinywa niwaeleze habari ya spika. Shangazi akanitangulia.

"Mwanangu. Rispah."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Bi Mwanaesha akavitazama vigango, akazitazama spika. Alielewa, nilimwona akielewa. Kisha akavua viatu, akamshika shangazi mkono, wakaketi sakafuni, na wenzake wakawazunguka.

"Makiwa, dadangu," akasema.

Nikanyoosha mkono nizime mashine.

"Wacha ilie," shangazi akasema. Akawageukia wale wanawake. "Tulimzika watu watano tu. Wengine waliyaogopa maradhi yake."

Nikasogea nami nikae. Akanikataza kwa kidole.

"Wewe simama hapo hapo."