Mtani na Swali la Tisa

...hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku au karibu kila siku, chagua moja mtani wangu usinizungushe, anasema Haruna, na Zuhura anapepeta ufuta wala hajui kama ameshajibu, wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya kufanya mambo, hamu gani, mambo gani, jana uji umeungua na yeye ameketi mbele ya sufuria anautazama, siku kadhaa, anasema, na Haruna anakigusa kishikwambi cha mradi wa afya kwa kidole chake kinene, hivi Kiranjeranje nzima wamekosa mtu wa kumtuma na haya maswali ila huyu, mtani, ukoo wao na wa kina Zuhura wanazikana na kutukanana tangu mababu, na mtani hakasirikiwi, ukimkasirikia watu watakuona wewe ndiye mwenye kasoro... la pili, umejisikia mnyonge au kukata tamaa, halafu akaongeza lake, au ndiyo sura uliyozaliwa nayo, na mle ndani mama mkwe akacheka, kumbe anasikiliza, atakosaje kusikiliza, kikohozi chake kimehamia dirishani tangu Haruna apige hodi, siku kadhaa, anasema Zuhura, siku kadhaa, usingizi siku kadhaa, chakula siku kadhaa, mwongo mkubwa wewe Zuhura, lakini utasemaje mbele ya mwanamke aliyekwambia arobaini imepita, mwanangu anataka mke si jeneza... ngoja, ngoja lifike la tisa, Hafsa jirani yake alishamwambia, hayo mengine danganya upendavyo, la tisa likijibiwa ndiyo basi linatosha peke yake, unaandikiwa rufaa, gari linakufuata hadi mlangoni, unaingia chumba cha daktari, mlango unafungwa na hakuna wa kukohoa dirishani, Hafsa alilia humo mpaka akasinzia kwenye kiti na hakuna aliyemwamsha, Mungu wangu, kusinzia tu, Zuhura hataki kingine... umejiona hufai, umejiangusha au umeiangusha familia yako, anasoma Haruna kwa ile sauti ya mtoto wa shule, na hapo mkono unasimama juu ya ungo, kwa sababu mwanawe Mwahija, wa miaka minne, alichemka homa siku mbili na yeye mama yake alikuwa shamba, ufuta ulikuwa unapasuka, akasema ngoja nimalize mstari huu, akamaliza, aliporudi mtoto hakumjua, na siku ya matanga huyu huyu Haruna akatokea nyuma ya nyumba amejifunga kanga yake Zuhura, ameshika kikombe cha mtoto, analia kwa sauti yake Zuhura, mwanangu nani atanimalizia uji, nani, akagaagaa mchangani, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, ndivyo desturi, mtani anawatoa watu machozi, na Zuhura naye akacheka, alicheka, meno yote nje, mwanawe hajatimiza siku tatu kaburini, je, Haruna ana swali la hilo humo ndani ya kishikwambi, hana... siku kadhaa, anasema, na la saba na la nane yakapita hata hakuyasikia, na sasa ndilo la tisa, umekuwa na mawazo kwamba ni afadhali ufe, au ujidhuru kwa namna yoyote, na kikohozi dirishani kimenyamaza, basi na asikie, atamnyang'anya mtoto gani, waliyekuwa wakimgombania keshazikwa, sema, sema sasa hivi mwanamke.

“Karibu kila siku, Haruna. Hata hapa nilipokaa.”

Haruna akaangua kicheko, akajipiga paja, na mama mkwe naye mle ndani akacheka.

“Kufa wewe! Ukifa gauni lako la Idi nalivaa mimi, na nitakulilia vizuri kuliko nilivyolia siku ile.”

“Sitanii, Haruna,” akasema Zuhura, na Haruna akafuta machozi ya kicheko, akasema haya mtani umeniweza leo, na kidole kile kinene kikashuka, Zuhura anajua kusoma, alisoma mpaka darasa la saba, akakiona kinavyoshuka, hata kidogo, ndilo jibu aliloligusa, hata kidogo... wiki ngapi amelala na neno hili chini ya ulimi, akiogopa likitoka kijiji kizima kitakuja mbio, na limetoka, mchana kweupe, na hakuna hata aliyesogeza kiti, basi alikuwa analificha la nini, hapo kifua kikamtulia, kikatulia kweli, utulivu wa ajabu ambao hata siku ya ndoa yake hakuupata, hana tena wa kumwambia wala wa kumficha, akaushika ungo, akapepeta, makapi yakaruka... bado moja mtani niondoke, anasema Haruna, haya mambo yamekupa ugumu kiasi gani kufanya kazi zako na kuishi na wenzako, na Zuhura akamtazama usoni kwa mara ya kwanza leo, akatabasamu, akasema hakuna ugumu wowote, na Haruna akaandika bila kucheka.