Dakika Kumi za Bega la Kulia

Fundi cherehani alikuwa na bega la kulia lililokuwa likimnyima usingizi tangu mwezi uliopita, na ulimi ambao haukuumwa hata siku moja. Daktari alimwambia aupumzishe mkono wiki tatu, asishike mkasi. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kisha akatoka pale akaenda moja kwa moja kukata suruali ya mteja.

Maumivu hayakumtisha sana. Kilichomtisha ni wateja kugundua kwamba mambo yanakwenda bila yeye. Miaka kumi na tisa hakuna mtu mwingine aliyeushika ule mkasi mkubwa. Wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye walishona naye duka moja, aliachiwa vifungo, pindo na pasi. Wifi alijua kukata. Fundi alijua kwamba anajua, na ndiyo maana hakumpa.

Wifi huyohuyo ndiye aliyemletea taa ya mwanga mwekundu, bapa kama sinia, yenye miguu ya kusimamia.

"Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni," alimwelekeza. "Uiweke shubiri mbili kutoka begani. Uvae na hii miwani myeusi. Na utulie, wifi, kama utaweza."

"Nani kakwambia siwezi?"

"Kaka yangu."

Tuseme ukweli, taa ilisaidia. Haikuponya, ila ilipunguza. Siku ya tano fundi alichana nywele bila kuuma meno. Mtu mwingine angeshukuru na kupumzika. Yeye akaona kumbe anaweza kuongeza kazi.

Na kazi ilikuwepo: makoti meupe thelathini ya wauguzi wa zahanati, yanatakiwa Jumatatu, kitambaa wamekileta wenyewe na hakina ziada. Alhamisi jioni alitandika tabaka nne juu ya meza ya chumba cha ndani, akazibana kwa pini, akachora koti la saizi kubwa kwa chaki nyekundu. Ijumaa asubuhi akafunga pazia, akawasha taa nyuma ya bega, akakaa. Dakika ya pili mikono ikaanza kumwasha kwa hamu ya kazi. Akavua miwani, akavuta kitambaa. Kilikuwa kitupu, hakina mstari hata mmoja.

"Wifi, umepangusa kitambaa changu?"

Wifi alichungulia mlangoni, uzi mdomoni. "Sijakigusa."

"Basi chaki imeota miguu."

Hakuishia hapo. Alimwambia ana mkono wa kuharibu, kwamba kazi ya watu haimuumi, hata mama mkwe akaingizwa, naye hakuwamo. Wifi alirudi kwenye vifungo vyake.

Fundi alichukua karatasi ya kukatia iliyokuwa juu ya rundo la vipimo vya makoti, akachora upya kwa kalamu ya risasi, na kwa hasira zilezile akakata tabaka zote nne kwa mpigo. Bega halikumuuma hata kidogo. Alifurahi sana.

Dakika zilipotimia taa ikajizima, naye akafungua pazia. Kwenye mabaki ya kitambaa, nje ya pale mkasi ulipopita, mistari ya chaki ilikuwa palepale, myekundu, haikupungua hata mmoja. Chaki nyekundu juu ya kitambaa cheupe, chini ya mwanga mwekundu, ingeonekana vipi? Na ile karatasi ya juu ilikuwa ya saizi ndogo, ya sare za shule. Makoti manne yangemtosha msichana wa darasa la sita.

Pembeni palikuwa na gunia la matambara. Alilitazama kwa muda, maana wazo lilimjia, tusimsingizie utakatifu. Kisha akavibeba vipande alivyokata na mabaki yote hadi chumba cha mbele, akaviweka mapajani mwa wifi yake.

"Hukufuta kitu," alisema. "Taa ndiyo iliyoficha chaki, na mimi nikakata ndogo. Nimekukosea, wifi."

Wifi aligeuza kipande kimoja, akageuza cha pili. "Manne?"

"Manne."

"Basi zahanati iajiri wauguzi wa kimo cha kuku."

Fundi alicheka, na kicheko kikalishtua bega. Lilikuwa linauma tena, na safari hii hakujidanganya.

"Nitakwenda mwenyewe kumwambia muuguzi mkuu," alisema. Akaleta mkasi, akauweka mezani, mpini ukielekea kwa wifi yake. "Yaliyobaki kata wewe."

Jioni alikaa mbele ya taa na miwani yake, mikono mapajani. Kutoka chumba cha mbele alisikia mkasi ukikata kwa mwendo mrefu, bila kusita, na akaona wivu. Yule mwanamke alikuwa hodari. Alikuwa hodari miaka yote hiyo.

"Wifi," sauti ilimfikia, "hapa kwapani nipunguze kidogo, au nifuate karatasi?"

Fundi alikuwa na jibu kabla swali halijaisha.

"Wewe unaonaje?" aliuliza.

Kisha mkasi ukaendelea.