Hili Bado Lina Kazi?

Mzabibu mmoja tu ndio uliobaki kando ya nyumba yangu hapa Mkonze, nao nilikuwa nausogelea na mkasi wa kupogolea Restuta aliponiita kutoka barazani.

"Baba, mama alikuwa anasemaje kabla hajakubali tawi likatwe?"

Nikajifanya naukagua mkasi. Binti yangu hukaa pale barazani kutwa na kompyuta yake: dirisha jeusi, maandishi meupe, hakuna hata kapicha ka kumpumzisha mtu macho. Anaandika programu za watu wa Dar es Salaam ambao hajawahi kuwaona. Humo ndani ana msaidizi, akili mnemba, anayetumwa kwa maandishi. Tengeneza hiki, rekebisha kile, naye hutenda papo hapo.

Juzi alimwagiza afagie mafaili ya zamani. Akafagia kweli. Nusura aifute sauti ya marehemu mke wangu, Emilia, iliyorekodiwa siku ya mavuno akituita tukale. Ni hiyo tu tuliyo nayo. Restuta alimwahi, akamzuia.

"Aliona faili halijaguswa muda mrefu," aliniambia. "Kwake, kisichoguswa ni taka."

"Kama wakubwa wa serikali," nikasema.

Maana nao walikuja hivyohivyo, na kamba zao na vigingi. Shamba letu walilitazama kiangazi, mizabibu imetoka kupogolewa, imebaki visiki vikavu, wakaandika kwamba ni pori. Barabara ikapita. Hakuna aliyebisha hodi. Emilia hakuziona mvua zilizofuata.

"Namwandikia masharti," Restuta akaendelea. "Huyasoma kila anapoanza kazi. Nataka aulize kabla ya kufuta. Aulize kama mama."

"Mama yako usimtie humo."

"Simtii mama, baba. Natia adabu yake."

Nikaushusha mkasi wangu. Enzi zile Emilia alishika tawi kwa vidole viwili, mimi nikiwa na haraka jua lisitukute. "Mkono wako mwepesi kama wa karani wa kata," alikuwa akinitania. Kisha huuliza, na nisipojibu haliachii. Hata tawi lililokauka kabisa aliliulizia, nadhani apate tu kunisikia nikilalamika. Nami nililalamika kweli, kila mara, na asubuhi zikapita hivyo.

"Hili bado lina kazi?" nikasema. "Alikuwa anauliza hivyo. Basi."

Restuta akaandika. Kisha akanitazama. "Nimjaribu? Sauti nimeshainakili kwenye flashi, usiogope."

Niliogopa vilevile. Nikaja kusimama nyuma ya kiti chake. Akamwagiza afagie tena, maandishi yakakimbia kama siafu waliomwagiwa maji, mara yakasimama kwenye faili la Emilia. Chini yake nikasoma, polepole, kwa darasa langu la nne:

*Hili bado lina kazi?*

"Jibu wewe, baba," akasema, akanipisha kiti.

Sijui ni lini mara ya mwisho nilipoulizwa kitu na yeyote mwenye uwezo wa kukifuta. Nikazitafuta herufi kwa kidole kimoja. *Lina.*

*Sawa. Nimeliacha.*

"Ana heshima kuliko diwani," nikasema. Restuta akacheka, huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nikarudi kwenye mzabibu wangu. Nikashika tawi kwa vidole viwili, mkasi wazi, nikasubiri.