Nimeshiba, Ahsanteni

Mama yetu hali kwa watu mpaka abembelezwe. Ukimkaribisha mara ya kwanza atakwambia nimeshiba. Mara ya pili, ahsante, nimetoka kula sasa hivi. Mpaka mwenye nyumba akasirike, aape, "Wallahi Bi Bimkubwa, usipoonja basi umenidharau," ndipo atakaponawa mikono, na hapo atakula vizuri na kuwaombea dua waliopika. Ndivyo alivyolelewa Unguja, na ndivyo alivyotulea mie na mdogo wangu Sabri, kwa kofi la kisogo kwa atakayekimbilia sahani ya jirani. Tulilijua hilo tangu tukitambaa. Tukalisahau siku tulipolihitaji, na hasira yangu yote iko hapo.

Alikuwa akikaa na mie Alexandria, huku Marekani, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Kwanza alipoteza Kiingereza, kile kidogo chake cha dukani, kisha akaanza kupoteza miaka. Asubuhi moja ya baridi, mie niko hotelini natandika vitanda vya watu, akatoka na kanga zake kwenda Darajani kununua muhogo. Darajani, Unguja! Ngazi za mbele zilikuwa na barafu. Nyonga ikavunjika.

Hospitali walimtia vyuma, kisha wakatuita mie na Sabri. Huyu, wakasema, hawezi tena kurudi ghorofani, na anataka mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Tafuteni nyumba ya wazee.

Kwetu sie neno hilo halisemwi kwa sauti. Msikitini hawakungoja hata tuchague. "Ati mnamtupa mama yenu, Nadra?" Aliyeniuliza, mama yake mwenyewe kafa Mombasa hajamwona miaka chungu nzima. Nilimpa jibu lake, na tangu siku ile akiniona hujitia kutafuta viatu.

Tulitazama nyumba mbili, mama naye tumemtia kwenye kigari cha magurudumu. Ya kwanza ilikuwa jirani na kwangu, basi moja tu. Lo! Harufu ya mkojo ilitupokea mlangoni. Televisheni inapiga kelele, wazee wamepangwa ukumbini, na katikati yao mwanamke wa Kikenya mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, jina lake Jelagat, anawagawia chai. Akamletea mama kikombe.

"Ahsante, nimeshiba," mama akasema.

"Shosho, chai haikataliwi."

"Nimetoka kunywa sasa hivi, mwanangu."

"Umekunywa wapi na umekuja saa hii? Aka! Shika hapa. Kama hunywi, leo hatuelewani."

Mama akakishika kikombe, akanywa mpaka kikabaki kikavu. Mie nilichokiona ni kwamba mama yangu anasemeshwa kama mtoto. Sabri alichokiona ni doa kwenye zulia. Tukamwambia Jelagat tutamjulisha, tukatoka tunashindana kukimbia.

Ya pili aliipata Sabri kwenye kompyuta. Sabri ni mtu wa kompyuta, anakaa Gaithersburg, na kitu kisichokuwa na nyota yeye hakinunui, hata sufuria. Hii ilikuwa na nyota tano. Unaipita Gaithersburg, unaifuata barabara kuu ya 270 mpaka mashamba yanaanza, unashuka kwenye kimji chenye mtaa mmoja wa maduka na makanisa mengi kuliko maduka. Maua halisi mezani. Hapana harufu, hapana kelele. Kila mzee na chumba chake na dirisha linalotazama miti. Meneja, Audrey, mama mmoja mpole, aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mama, akamwomba Sabri amtafsirie.

"Anauliza umepapenda, mama?"

Mama akatazama huku na huku, akatabasamu. "Kuzuri, mashaallah. Mungu awazidishie."

"Umesikia, dada?" Sabri akanigeukia na machozi yanamlengalenga. "Kapapenda mwenyewe."

Kapapenda! Mtu mzima unamuuliza mbele ya mwenyeji, ndani ya nyumba ya mwenyeji, atajibu nini? Aseme kubaya? Lakini mie nami nilikuwa nimechoka, miguu imenivimba, na pale palikuwa pazuri, siongopi. Tukamwacha huko.

Kwangu ni safari ya treni mpaka mwisho wa reli, kisha Sabri anifuate kwa gari, kwa hivyo nikenda siku zangu za mapumziko tu. Kila nikenda namkuta msafi, kachanwa nywele, kafunikwa blanketi. Hujambo mama? Sijambo, alhamdulillahi. Unakula? Nakula, mwanangu, wananipa vizuri. Na kila nikimwinua naona mifupa. Bangili yake, ambayo zamani ilikuwa haivuki kifundo bila sabuni, ilianza kupanda mpaka kiwiko.

Siku moja nikafika wakati wa chakula. Msichana akaingia na trei: samaki, viazi vya kuponda, njegere. Akauliza kwa adabu, kwa ishara ya mkono mdomoni, anataka kula? Mama akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akatabasamu. "Nimeshiba, ahsanteni." Msichana naye akatabasamu, akaichukua trei akaondoka nayo. Yote hayo hata mlango haujajifunga.

Nilitoka mbio ukumbini. "We! Rudisha chakula hicho!" Nilisema kwa Kiswahili, wala hakunielewa, lakini alisimama.

Audrey alinikalisha ofisini mwake akanipa maji. Hapa, akasema, tunaheshimu uamuzi wa kila mtu. Mzee akikataa chakula, ni haki yake. Hatumlazimishi mtu. Alisema kwa fahari, na wala simlaumu, maana ndizo nyota tano zenyewe hizo. Nikamweleza: kwetu ile si kukataa. Ile ni salamu. Msimuulize, mwekeeni mbele, mkasirike kidogo, muape, mkae mle naye. Mara ya tatu atakula. Akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa, na wafanyakazi wataambiwa.

Wakaambiwa. Wiki iliyofuata msichana yule yule akaingia, akauliza anataka kula, anataka kula, anataka kula, pumzi moja. Mama akamjibu nimeshiba, nimeshiba, nimeshiba, na huku anamsikitikia mtoto wa watu. Trei ikaondoka. Nilicheka mpaka Sabri akanishika bega, kisha kicheko kikageuka kilio. Niambieni, kuapa na kununa kwa mapenzi mtu unamfundishaje?

Nikampigia Jelagat. Nilimeza fahari yangu yote nikampigia. "Kitanda kilichukuliwa kitambo, dada," akasema. "Si mlisema mtatuambia? Nitaweka jina, lakini foleni ni ndefu, na hapa mtu hatoki mpaka Mungu amwite." Kwa hivyo nikawa naomba Mungu nini, mzee wa mwenzangu afe? Astaghfirullahi. Niliomba.

Hapo mama akaanza kuinuka kitini. Anataka ufagio. Anataka kukunja taulo za watu. Nyonga haijapona, na kiti kimefungwa kengele, akinyanyuka tu kinalia nyumba nzima, wanakuja wanamkalisha kwa upole. "Nimekaa mno hapa," akaninong'oneza. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nao hawanipi jembe, mwanangu. Wananitazama tu." Nikafahamu kwamba miezi yote ile mama alikuwa anaona haya.

Daktari alisema mengine. Maradhi yakifika hapo, akasema, mtu husahau hata njaa, na kumtia mpira wa chakula ni kumtesa bure. Msijilaumu. Sabri alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mie sijui. Huenda ni maradhi, huenda ni adabu, na pengine mwisho vilishakuwa kitu kimoja.

Nikaomba likizo. Nikapika bokoboko, ngano na kuku, nikaipiga mwiko mpaka ikavutika, nikaimwagia samli, nikaichukua kwenye treni nimeipakata. Nikatandika kanga juu ya kimeza chake cha magurudumu, nikamletea maji akanawa. Siku hiyo nilikuwa mimi ndiye mwenye nyumba.

"Karibu, mama."

"Ahsante, bibi. Nimeshiba."

Bibi. Aliniita bibi, kama anavyomwita mke wa jirani asiyemjua jina.

"Onja tu kidogo."

"Nimetoka kula sasa hivi."

"Wallahi usipokula, nami sili! Nimeamka alfajiri napika kwa ajili yako, unidharau hivyo?" Nilikasirika sawasawa, wala sikuwa naigiza. Nikakata tonge kwa mkono, nikamfikishia mdomoni. Hiyo ilikuwa ya tatu.

Akanishika mkono, taratibu, akaurudisha sahanini. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Usikasirike, bibi. Chakula chako kinanukia, Mungu akubariki mikono. Lakini nina mwanangu wa kike, Nadra, yuko kazini. Aliniweka hapa nimngoje. Kila siku nawaambia hawa, nawaona hawanielewi. Mtoto anarudi na njaa, kachoka, nami nimekwisha kula? Haiwi."

"Mama, mie ndiye Nadra."

Alinitazama usoni, kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa jambo na mwenyeji wake na hataki kumkosoa. Akanipigapiga mkono.

"Akija utamwona," akasema. "Tutakula naye."

Nilikaa nimeishika sahani mpaka samli ikaganda. Yule msichana akachungulia, akauliza kwa ishara kama tumemaliza. Mama akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akatabasamu.

"Nimeshiba, ahsanteni."

Nikampa sahani akaondoka nayo.