Pete za Mwanga Mferejini

Sheria mpya ya mafao ilipopita, Baba Pacha alikuwa amebakiza miezi minne tu atimize miaka hamsini na mitano, umri ambao watumishi wote wa umma walikuwa wakistaafu tangu enzi za baba yake. Afisa utumishi aliwakusanya wafanyakazi wa mtambo wa maji kwenye karakana, akapanda juu ya kreti, akasoma waraka bila kuinua macho. Kuanzia sasa umri wa kustaafu ni miaka sitini. Watakaotoka mapema kwa masharti ya zamani ni wale tu ambao bodi ya madaktari itathibitisha kwamba afya yao hairuhusu tena kazi.

"Mimi niliyebakiza miezi minne je?" Baba Pacha akauliza.

"Umebakiza miaka mitano na miezi minne, mzee wangu."

Karakana ikalipuka. Wengine wakatukana, fundi wa pampu akatupa spana chini, mwingine akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baba Pacha alivaa kofia yake, akarudi taratibu kwenye mfereji.

Mfereji huo ndio uliokuwa kazi yake kwa miaka thelathini na mmoja. Maji yakishachujwa yalipita humo kuelekea kwenye tangi kubwa, kina chake hakifiki gotini, na sakafu yake ilikuwa ya vigae vyeupe. Katikati ilisimama nguzo ya lango, na maji yalipoipita yaliacha nyuma yake visulisuli vidogo, kimoja baada ya kingine, vikaenda vikizunguka kama watoto waliofunguliwa mlango wa shule. Mnamo saa nne asubuhi jua lilipoingia kwa ubavu, kila kisulisuli kiliangusha kivuli sakafuni, duara jeusi lililozungukwa na pete ya mwanga. Pete hizo zilielea juu ya vigae bila haraka, zikakutana, zikaachana, zikayeyuka.

Baba Pacha hakusoma sana, lakini alikuwa na daftari. Humo alichora kila alichokiona, akaandika na mawazo yake: kwamba huenda mwanga nao huchoka kwenda moja kwa moja, ukiona maji yanazunguka unaingia kupumzika; kwamba katikati haupati nafasi, ndiyo maana unakaa ukingoni; kwamba labda hata mwanga wenyewe, ukiutazama kwa karibu sana, ni kitu kinachozunguka. Siku nyingine alisimama pale mpaka akahisi sakafu ndiyo inayotembea na maji ndiyo yaliyotulia, naye anaelea katikati, mwepesi, hana umri.

Mwaka huo, aliodhani ni wa mwisho kazini, pete zilikuwa zimebadilika. Zilikuwa na rangi: nyekundu kwa nje, bluu kwa ndani, na ukungu mweupe kama maziwa. Aliandika kurasa kumi na saba kuhusu rangi hizo. Aliamini amekaribia jambo kubwa.

Mama Pacha, mkewe, alikuwa mshonaji mwenye cherehani mbili na mdomo usiomung'unya maneno. Pacha wao walikuwa wameshaolewa wote wawili, nyumba ilikuwa kimya, na kwa miaka mingi alikuwa akihesabu siku mumewe aache zamu. Jioni ya ule waraka alimkuta ameketi sebuleni, anaitazama taa.

"Unaangalia nini?"

"Hata taa ina pete, mama. Rangi zilezile za mferejini."

Mama Pacha akaitazama taa. Akamtazama mumewe. "Taa haina pete yoyote, Baba Pacha."

Kesho yake alifunga duka, akamshika mkono mpaka hospitali. Daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akavuta kiti.

"Mtoto wa jicho, yote mawili. Hizo pete na ukungu ndiyo dalili zake. Tunaweza kukufanyia upasuaji wiki ijayo, na utaona vizuri kabisa."

Baba Pacha alihisi kama ameng'olewa kitu kifuani. "Kwa hiyo nilichokiona mferejini ni ugonjwa?"

"Sijauona mfereji wako, mzee. Nimeyaona macho yako."

Wakiwa njiani kurudi, Mama Pacha ndiye aliyekumbuka waraka. Alisimama ghafla katikati ya watu, macho yanang'aa.

"Bodi ya madaktari inakaa lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Basi usipasuliwe sasa! Nenda ukasimame mbele yao na macho hayohayo. Hutadanganya mtu, huoni kweli. Wakuandikie utoke kwa masharti ya zamani, halafu ndiyo tukapasue. Miezi mitatu ni nini? Mimi nitakushika mkono."

Halikuwa wazo baya, na Baba Pacha alilijua hilo. Siku tatu alilitembeza kichwani. Kazini aliinama juu ya mfereji, pete za rangi zikapita chini yake, nzuri kuliko zilivyowahi kuwa, naye hakujua tena lipi ni la maji na lipi ni la macho yake. Alijaribu kuchora, mkono ukakataa. Siku ya nne alirudi nyumbani akasema yuko tayari kupasuliwa Jumatatu.

Mama Pacha aliweka mkasi mezani. "Yaani unatupa miaka mitano kwa sababu ya maji yenye kizunguzungu?"

"Situpi. Nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Kama miaka yote hii nilikuwa naangalia kitu, au naangalia jicho langu mwenyewe. Siwezi kukaa nyumbani na swali hilo, mama. Nitakuwa nimekaa tu, sijapumzika."

Jumatatu Mama Pacha alimsindikiza, lakini alikaa benchi la pili, si la kwanza, ili ajue amekasirika.

Bandeji ya kwanza ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona Baba Pacha ni mkewe. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Una mvi."

"Zina miaka mitatu hizo."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umeinama mferejini."

Baba Pacha alicheka, mkewe naye akacheka bila kupenda, na daktari akawaomba wapunguze sauti.

Jicho la pili lilipopona alirudi kazini. Alifika mapema, akasubiri ifike saa nne. Jua likaingia. Kwanza hakuona chochote ila vigae, vyeupe kuliko alivyovikumbuka. Kisha nguzoni kikazaliwa kisulisuli, kikajitenga, na chini yake likateremka duara jeusi, safi, limekatwa kama kwa mkasi wa mkewe. Ukingoni palikuwa na pete. Haikuwa na nyekundu wala bluu, ilikuwa mwanga mtupu, mwembamba, unaotetemeka. Baba Pacha akakaa chini kwenye zege. Alizifuta zile kurasa kumi na saba kwa mstari mmoja kila ukurasa, bila uchungu, kisha akaanza upya.

Jumapili alimleta mkewe. Mlinzi alijifanya hajaona. Mama Pacha alisimama ukingoni, mkoba kwapani, uso wa mtu aliyeletwa kuona deni la mwingine. Pete ya kwanza ikapita, ikafuatwa na ya pili. Mbili zikakaribiana zikaanza kuzungukana polepole. Akainama. Akainama zaidi. Mkoba ukawekwa chini.

"Mbona hazigongani?"

"Sijui. Nadhani kila moja inaibeba nyingine."

"Unadhani wewe. Mimi naona zinakimbizana." Akamsukuma kwa kiwiko. "Sogea, unanizibia jua."

Bodi ilikaa, ikawaruhusu watu wawili wa karakana kustaafu, Baba Pacha hakuwemo. Vijana wapya walimwita Dakika za Nyongeza, naye aliitika. Mama Pacha hakumsamehe yote kwa mpigo. Mwezi mmoja alinuna, mwezi uliofuata akaanza kufunga duka kila Jumatano asubuhi na kuja na chupa ya chai. Jirani alimuuliza huko mtamboni anakwenda kufanya nini.

"Tumeanza kustaafu," akasema, "ila tunastaafu kwa mafungu."